Kompyuta ya Mezani Inapokataa Kuwaka: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Hitilafu kwa Watumiaji wa Goma

Kuwaka kwa kompyuta ya mezani ni safari yenye vituo. Umeme hutoka ukutani na kuingia katika pawasaplai. Pawasaplai huugeuza kuwa volti ndogo na kuupeleka kwenye ubao mama. Ubao mama huiamsha prosesa. Prosesa husoma BIOS, yaani programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye ubao mama, ambayo hukagua RAM (kumbukumbu ya muda), kadi ya picha na kibodi. Kisha BIOS hutafuta diski, na diski ndiyo inayoileta Windows kwenye skrini. Hakuna kituo kinachorukwa. Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka kuitengeneza mashine iliyokataa kuwaka hana budi kujua kwanza imesimama kituo gani, kwani kila kituo kina dalili zake, na mara nyingi hitilafu hukaa ama pale mashine iliposimama au hatua moja kabla ya hapo.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu hapa Goma watu wengi hupoteza fedha kwa kuanza na ununuzi. Mwenye ofisi ndogo ya kuchapa barua na kutoa fotokopi huambiwa kwamba pawasaplai imekufa, akaenda kwenye maduka ya Birere kununua nyingine. Mashine ikikataa tena, huambiwa ni RAM. Baada ya RAM huambiwa ni ubao mama, na hapo gharama huwa imekaribia bei ya mashine nzima iliyotumika. Upimaji wa saa moja, uliofanywa kwa utaratibu, ungemwepusha na sehemu kubwa ya hasara hiyo. Vifaa vinavyohitajika si vingi: bisibisi ya nyota, multimeta ya kawaida, kifutio cha wanafunzi, brashi laini, flashi ya GB 8 au zaidi, na simu ya kupigia picha kila kebo kabla ya kuichomoa.

Kabla ya kufungua sanduku

Chomoa kebo ya umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa sekunde 15 hadi 30 ili chaji iliyobaki iishe. Tendo hili peke yake huzifufua mashine fulani ambazo ubao wake umeganda baada ya umeme kukatika ghafla, kwa hiyo rudisha kebo na ujaribu kuwasha kabla ya kuendelea. Kama hakuna mabadiliko, chomoa tena, fungua sanduku, na uguse chuma chake kisicho na rangi kabla ya kushika kifaa chochote cha ndani, ili umeme tuli wa mwilini usiharibu RAM au prosesa. Pawasaplai yenyewe usiifungue kamwe. Kapasita kubwa iliyo ndani yake hubeba zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki na chaji hiyo kwa muda hata baada ya kebo kuchomolewa.

Kuna jambo moja la Goma ambalo miongozo iliyoandikwa kwingine hailizingatii. Mji wetu umejengwa juu ya lava, na mwamba mkavu wa lava haupitishi umeme vizuri. Waya wa ardhi uliozikwa humo mara nyingi haufanyi kazi inayotarajiwa, na nyumba nyingi hazina waya huo kabisa. Ndiyo maana mtu huhisi mtekenyo mdogo anapogusa sanduku la kompyuta iliyochomekwa. Mtekenyo huo hutokana na umeme kidogo unaopita katika kapasita za kichujio cha pawasaplai na kukosa njia ya kwenda ardhini, na peke yake hauthibitishi kwamba pawasaplai imeharibika. Hata hivyo, usifanye kazi ukiwa peku juu ya sakafu yenye maji, na ukipigwa na umeme wa kutikisa mkono, mashine hiyo isichomekwe tena mpaka ipimwe.

Anza ukutani

Umeme wetu unapaswa kuwa volti 220 na hezi 50. Weka multimeta kwenye kipimo cha mkondo geu (AC) na upime soketi ileile ambayo kompyuta hutumia, kwa kupitia ekstensheni ileile, kwa sababu ekstensheni yenye mguso uliolegea ni chanzo cha kawaida cha hitilafu ambacho wengi hawakifikirii. Kisha pima tena saa moja au saa mbili jioni, wakati majirani wote wamewasha taa na majiko. Pawasaplai iliyoandikwa kwenye lebo yake 100–240 huvumilia volti zikishuka sana, lakini ile iliyoandikwa 200–240 huenda ikakataa kuanza zikiwa 170. Mashine inayowaka vizuri asubuhi na kukataa jioni, kabla hujaigusa kwa bisibisi, ipimie kwanza umeme wake. Dawa yake ni stabilaiza nzuri, na pawasaplai mpya inaweza isisaidie chochote.

Wanaotumia jenereta ndogo au umeme wa jua wana tatizo la aina yake. Jenereta ndogo hupanda na kushuka volti kila mzigo unapobadilika. Inveta za bei nafuu hutoa umeme ambao wimbi lake ni la ngazi badala ya kuwa laini, na baadhi ya pawasaplai za kisasa zenye kirekebisha kigezo cha nguvu (PFC) hazikubaliani na wimbi hilo: hujizima, au huwaka na kukatika papo hapo wakati UPS (kifaa chenye betri ya dharura) inapochukua nafasi ya umeme wa ukutani. Ili kuthibitisha, jaribu mashine kwa umeme wa mtandao wa kawaida. Ikiwaka bila shida, sanduku halina kosa.

Umeme unapokatika, chomoa kompyuta, na unaporudi subiri dakika kadhaa kabla ya kuichomeka, kwa kuwa dakika za mwanzo ndizo ambazo volti hurukaruka zaidi.

Angalia pia nyuma ya pawasaplai. Baadhi zina swichi ndogo nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Mashine zilizotumika zinazotoka Marekani zinaweza kufika zikiwa zimewekwa kwenye 115, na ukiichomeka hivyo kwenye volti 220, fyuzi na kapasita za ndani huungua mara moja. Swichi hiyo iwe kwenye 230 kabla ya kebo kuguswa.

Mashine isiyoonyesha uhai wowote

Hakuna taa, hakuna feni, hakuna sauti. Fungua sanduku, chomeka kebo, na utazame ubao mama: nyingi zina taa ndogo inayowaka hata kabla ya kitufe kubonyezwa. Taa hiyo ikiwaka, volti 5 za kusubiri zinafika, na sasa shaka iende kwenye kitufe cha mbele. Tafuta kwenye ubao pini mbili zenye alama ya PWR, chomoa kiunganishi chake, na uziguse pini hizo mbili kwa pamoja kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Volti zake ni ndogo na hazina hatari, ila ncha isiguse pini nyingine. Mashine ikiwaka, kilichoharibika ni kitufe, na unaweza kuhamishia kwenye pini hizo kiunganishi cha kitufe cha kuanzisha upya, ukaendelea na kazi leo hii bila kununua kitu.

Kama taa haiwaki, jaribu kebo nyingine ya umeme, kisha pima pawasaplai. Katika pawasaplai za kawaida zenye kiunganishi cha pini 24, chomoa kebo ya ukutani, tenganisha viunganishi vyote na ubao mama na diski, halafu unganisha kwa kipande cha waya tundu la waya wa kijani na tundu lolote la waya mweusi. Rudisha kebo. Feni ikizunguka, weka multimeta kwenye mkondo mnyoofu (DC) na upime: waya wa njano utoe volti 12, yaani kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu utoe 5, kati ya 4.75 na 5.25, wa rangi ya chungwa utoe 3.3, kati ya 3.14 na 3.47, na wa zambarau utoe 5 wakati wote, hata waya wa kijani ukiwa haujaunganishwa. Ziko pawasaplai ambazo feni yake haizunguki bila mzigo, hivyo amini multimeta kuliko feni. Pima tena ikiwa imeunganishwa na ubao wakati mashine inajaribu kuwaka, kwa sababu pawasaplai iliyochoka hutoa volti kamili ikiwa peke yake na kuporomoka inapopewa kazi.

Tahadhari kwa wenye mashine za ofisi za Dell, HP au Lenovo, ambazo ni nyingi katika maduka yetu ya vifaa vilivyotumika: nyingi kati yake zina viunganishi vya kampuni yenyewe, vyenye waya chache na mpangilio tofauti, na jaribio la waya wa kijani haliwahusu. Usifanye majaribio ya kubahatisha humo. Tafuta pawasaplai ya modeli ileile kwa kuazima, au mpe fundi mwenye nayo aijaribu.

Ikiwa pawasaplai ni nzima lakini inajizima mara tu inapounganishwa, kuna mahali ambapo umeme unagusana. Toa diski, kadi za ziada na kebo za USB za mbele, kisha rudisha kimoja kimoja. Usisahau kuchungulia ndani ya matundu ya USB: kipande cha plastiki kilichovunjika na kuacha pini zigusane kinatosha kuizuia mashine nzima isiwake. Tazama pia kapasita za ubao mama. Zile zilizovimba kichwani au kuvuja maji ya kahawia zinahitaji mtu mwenye chuma cha kulehemu na mkono uliozoea.

Feni zinazunguka, skrini ni nyeusi

Hiki ndicho kituo ambacho mashine nyingi hukwama, na ndicho kinachohitaji subira. Hakikisha kwanza kwamba skrini ina umeme na imechaguliwa kwenye njia sahihi, na kwamba kebo ya picha imechomekwa kwenye kadi ya picha ikiwa mashine ina kadi hiyo, wala si kwenye tundu la ubao mama. Hakikisha pia kuwa kiunganishi cha pini 4 au 8 kilicho karibu na prosesa kimeingia. Bila hicho feni huzunguka kama kawaida na prosesa haipati umeme.

Kisha iendee RAM. Vumbi jeusi la barabara zetu, hasa miezi ya kiangazi ya Juni hadi Agosti, huingia hadi ndani ya matundu ya RAM, na likichanganyika na unyevu wa masika huacha utando mwembamba juu ya miguso ya dhahabu. Chomoa umeme, toa vijiti vyote, safisha miguso kwa kifutio, pangusa mabaki kwa kitambaa kikavu, na upige brashi ndani ya matundu. Rudisha kijiti kimoja tu mpaka vishikizo vya pembeni vilie, kisha washa. Ikikataa, hamisha kijiti hicho kwenye tundu jingine. Ikikataa tena, jaribu kijiti cha pili. Mtu mwenye vijiti viwili na matundu manne atakuwa na majaribio manane, na asiyafupishe, kwa kuwa tundu moja bovu linaweza kuvifanya vijiti viwili vizima vionekane vimekufa. Baadhi ya mashine hukawia hadi dakika moja kutoa picha baada ya RAM kubadilishwa, kwa hiyo usizime upesi.

Sikiliza na utazame. Mashine nyingi hutoa milio, au taa ya kitufe humeta kwa rangi ya machungwa au nyekundu kwa idadi maalumu. Hesabu milio na ulinganishe na kijitabu cha mtengenezaji wa modeli yako, maana milio mitatu ya kampuni moja haina maana sawa na milio mitatu ya nyingine. Kama ubao una spika ndogo na hakuna mlio wowote hata ukiondoa RAM yote, ubao au prosesa yenyewe haiamki, na hapo ndipo jina la ubao mama linapostahili kutajwa kwa mara ya kwanza.

Mashine inayowaka kwa sekunde chache au dakika chache kisha kujizima, mara nyingi ina joto. Toa vumbi lililoziba chuma cha kupozea, hakikisha feni ya prosesa inazunguka, na ubadilishe krimu ya kupitishia joto iliyokauka. Wakati wa kupuliza, shikilia feni kwa kidole isizunguke ovyo, na usiipeleke mashine kwa kwado, yaani fundi wa matairi, apulize kwa kompresa ya matairi, kwani hewa yake hubeba maji na mafuta.

Betri ndogo ya mviringo

Betri ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama hutunza saa na mipangilio ya BIOS. Mashine ikiwa imechomekwa, umeme wa kusubiri hubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ikichomolewa, betri hubaki peke yake. Katika mji ambao umeme hukatika mara kwa mara na watu hufanya vyema kuchomoa mashine usiku, betri hii huchoka mapema kuliko inavyotarajiwa, na ningependa kila fundi aipime kabla ya kitu kingine chochote cha gharama. Betri mpya ina volti 3 na kidogo; ikishuka chini ya 2.7 hivi, ibadilishe.

Dalili ya wazi ni saa na tarehe kurudi nyuma, au ujumbe unaotaka ubonyeze F1 kila unapowasha. Dalili iliyofichika ni mbaya zaidi. Betri inapokufa, BIOS hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na mipangilio hiyo inaweza kubadilisha namna diski inavyosomwa, kutoka AHCI kwenda RAID au kinyume chake, au kubadilisha UEFI, mtindo mpya wa kuanzisha mashine, kuwa mtindo wa zamani. Windows iliyowekwa kwa mpangilio mmoja haifunguki kwa mwingine: itaonyesha skrini ya bluu au kusema hakuna diski ya kuanzia. Mwenye mashine huambiwa Windows imeharibika, diski inafutwa, na nyaraka za miaka zinapotea, ilhali tiba ilikuwa betri ya bei ndogo na kubadilisha mstari mmoja ndani ya BIOS. Badilisha betri, ingia BIOS kwa F2, F10 au Delete kulingana na mtengenezaji, jaribu mpangilio wa pili wa diski, na uangalie kama Windows inafunguka. Ikidai ufunguo wa BitLocker (kifungio cha Windows kinachoficha faili za diski) wenye tarakimu 48, utafute kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Bila ufunguo huo, faili zilizofungwa hazisomeki.

Jambo dogo kwa wenye kibodi ya AZERTY: BIOS nyingi huisoma kibodi kana kwamba ni QWERTY. Herufi A na Q hubadilishana, Z na W vilevile. Nenosiri linalokataliwa huenda ni sahihi, ila limeandikwa kwa mpangilio usio wake.

Nembo inaonekana, Windows haifunguki

Hapa umeme, RAM na ubao vimefanya kazi yao, na hatari kuu sasa ni faili zako. Ingia BIOS uone kama diski imeorodheshwa. Isipoonekana, badilisha kebo yake ya data na ya umeme, na tundu lake kwenye ubao. Diski ya kuzunguka ikitoa sauti ya kugonga-gonga, zima mashine mara moja. Kila dakika inayoendelea kuzunguka hupunguza uwezekano wa kuokoa kilichomo.

Diski ikionekana, nakili faili kabla ya kujaribu ukarabati wowote. Kwenye kompyuta nyingine tengeneza flashi yenye Ubuntu, mfumo wa bure unaoweza kuendesha mashine badala ya Windows, iwashie mashine yako kwa flashi hiyo, chagua kujaribu bila kusakinisha, kisha fungua diski na uhamishe nyaraka na picha kwenda diski ya nje. Watu hukimbilia chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, kwanza, na mimi napinga mwendo huo: kwenye diski inayokufa, amri hiyo huilazimisha kusoma kila pembe yake, na inaweza kuimaliza kabla hujaokoa kitu.

Baada ya nakala kukamilika, iache Windows ijirekebishe. Windows 10 na 11 zikishindwa kufunguka mara mbili au tatu mfululizo, hufungua zenyewe ukurasa wa ukarabati. Kwa mashine ya Kifaransa, chagua Dépannage, kisha Options avancées. Anza na urekebishaji wa kuanzia. Ukishindwa, ingia katika hali salama na uondoe programu au masasisho ya mwisho yaliyowekwa. Ukishindwa tena, fungua Invite de commandes (dirisha la kuandikia amri), tafuta kwa amri ya dir ni herufi gani inayobeba folda ya Windows, maana katika ukurasa huo huenda isiwe C, kisha andika bcdboot ikifuatiwa na njia ya folda hiyo, kwa mfano bcdboot D:\Windows, ili faili za kuanzia ziandikwe upya. Kusakinisha Windows upya kuwe hatua ya mwisho, na kufanyike kwenye diski uliyokwisha kuthibitisha kuwa nzima.

Ukimwendea fundi, na baada ya mashine kupona

Mpelekee maelezo yaliyoandikwa: mashine inasimama wapi, volti ulizopima saa ngapi, milio mingapi, ni vijiti vipi vya RAM vilivyojaribiwa. Fundi mwaminifu atafurahi, kwani umempunguzia nusu ya kazi. Ikiwa hitilafu haihusu diski, itoe na ubaki nayo nyumbani. Omba urudishiwe kila kifaa kilichobadilishwa.

Mashine ikirudi, usiifunge sanduku siku hiyohiyo. Iache ifanye kazi kwa saa mbili ukitazama joto la prosesa, izime na kuiwasha tena mara kadhaa, kisha iwashe jioni wakati volti za mtaa ziko chini, na kwa mara nyingine asubuhi ikiwa imepoa kabisa na imelala bila kuchomekwa. Ikipita majaribio hayo yote na saa yake ikiwa haijarudi nyuma, funga sanduku, kaza skrubu, na uiweke juu ya meza badala ya sakafuni, mbali na mlango unaoleta vumbi la barabara.